SOMO KWA MAKATIBU NA WANACHAMA: KUUNGANISHA SIMU NA GARI LA CHAMA

Gari la chama cha msingi hutumiwa na watu wengi: dereva, katibu, wajumbe wa Bodi, na wakati wa msimu hata makarani wa mizani. Magari mengi ya siku hizi yana mtambo wa Bluetooth, ambao humwezesha mtu kuzungumza kwa simu kupitia spika za gari bila kuishika simu mkononi. Manufaa yake yanafahamika. Lisilofahamika sana ni kwamba gari huikumbuka kila simu iliyounganishwa nalo. Hivyo basi, anayejua kuunganisha hana budi kujua pia kufuta.

1. Maana ya Bluetooth

Bluetooth ni njia ya kupeleka sauti na habari kwa mawimbi ya redio katika umbali mfupi, kwa kawaida kama mita 10. Haihitaji waya wala intaneti. Ilianza kubuniwa mwaka 1994 na wahandisi wa kampuni ya Ericsson huko Lund, nchini Uswidi. Jina lake latokana na Mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, aliyeitwa kwa utani Jino la Buluu. Alama yake ni herufi mbili za kale za jina la mfalme huyo zilizounganishwa, na hufanana na herufi B yenye vijiti viwili upande wa kushoto. Yafaa kuikariri alama hiyo, kwani magari mengi yaliyotumika hutoka Japani yakiwa na maandishi ya Kijapani kwenye redio, lakini alama ni ile ile duniani kote.

2. Hatua za kuunganisha

(a) Dereva asimamishe gari mahali salama na kuvuta breki ya mkono. Magari mengi hukataa kuunganishwa yakiwa katika mwendo.

(b) Katika redio ya gari, ifunguliwe sehemu ya simu au yenye alama ya Bluetooth, kisha ichaguliwe nafasi ya kuongeza simu mpya.

(c) Katika simu, ifunguliwe sehemu ya mipangilio, Bluetooth iwashwe, na jina la gari lisubiriwe litokee kwenye orodha. Jina hilo liguswe.

(d) Namba ya siri, mara nyingi ya tarakimu sita, itaonekana kwenye gari na kwenye simu. Zikilingana, ikubaliwe pande zote mbili, zisipolingana, ikataliwe. Redio za zamani hutaka namba iandikwe kwenye simu, na mara nyingi huwa ni 0000 au 1234.

(e) Simu itauliza kama gari liruhusiwe kusoma orodha ya majina na kumbukumbu za simu zilizopigwa. Hapa pahitaji uangalifu. Akikataa, mwenye simu bado ataweza kupiga na kupokea kama kawaida.

Ikiwa jina la gari halionekani, huenda nafasi za kukumbuka simu zimejaa. Ifutwe simu ya zamani isiyotumika tena, kisha hatua zirudiwe.

3. Siri za chama

Simu ya katibu ina majina na namba za wanachama. Akiruhusu orodha hiyo isomwe, baadhi ya magari huinakili na kuitunza. Gari likiuzwa au likirudishwa kwa mwenye kulikodisha, orodha yaweza kwenda nalo. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, yamtaka anayetunza habari za watu azilinde. Namba za wanachama ni miongoni mwa habari hizo.

Hatari ya pili ni ya sauti. Simu iliyokwisha kuunganishwa hujiunga yenyewe na gari kila gari liwashwapo, hata mwenye simu akiwa nje, karibu na gari. Tuseme katibu amesimama mlangoni mwa ghala akizungumza na benki juu ya siku ya kuchukua fedha za wakulima. Dereva akiwasha gari, mazungumzo yaweza kuhamia kwenye spika, na wapakiaji wote wakaisikia siku hiyo. Kwa hiyo katibu azime Bluetooth ya simu yake kila ashukapo.

4. Usalama barabarani

Kuunganisha simu huachia mikono, hakuachii akili. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita kama mita 22 kwa sekunde moja. Dereva atupiaye jicho redio kwa sekunde mbili amekwenda mita 44 bila kuiona barabara. Mazungumzo marefu yangoje gari lisimame.

5. Kufuta

Gari linapokabidhiwa mtu mwingine, kupelekwa gereji au kuuzwa, jina la simu lifutwe kwenye gari, na jina la gari lifutwe kwenye simu. Kufuta kwenye simu peke yake hakutoshi, kwani kumbukumbu za gari hubaki. Gari linapouzwa, redio irudishwe katika hali iliyotoka nayo kiwandani. Ni vema katibu aongeze jambo hili katika hati ya makabidhiano, pamoja na funguo, jeki na tairi la akiba.

Maswali ya kujadiliwa katika vikundi

1. Ni simu zipi zimo katika kumbukumbu za gari la chama leo, na wenye simu hizo wangali wakilitumia?
2. Nani katika chama amepewa wajibu wa kuzifuta?
3. Ni mazungumzo gani ya chama yasiyofaa kufanywa ndani ya gari lenye abiria?