Nani Atawajibika Kifaa Kikigoma: Kuchagua Duka la Mtandaoni la Vipuri vya Kompyuta

Fundi wa kompyuta au ofisa wa TEHAMA anapoagiza kipuri mtandaoni, mara nyingi hajinunulii mwenyewe. Fedha ni za mteja, za shule au za mwajiri, na kifaa kikigoma baada ya wiki mbili jina litakalotajwa ni lake. Kuchagua duka ni sehemu ya kazi yake ya kitaalamu, na hakumalizwi kwa kulinganisha bei. Swali la kuongoza uchaguzi huo ni moja: fedha ikishatoka, nani anawajibika kwa kifaa hicho, na atapatikana wapi? Tovuti ya kupendeza, wafuasi wengi na picha zilizopigwa vizuri havilijibu.

Kazi ya kwanza ni kumtambua muuzaji halisi. Katika masoko makubwa ya mtandaoni kama Amazon, AliExpress au Jumia ya Kenya na Uganda, jina lililo juu ya ukurasa ni la mwenye soko. Anayeuza anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, ambaye leo yupo na mwezi ujao hayupo. Kwenye ukurasa wa bidhaa huwa kuna mstari mdogo unaoeleza inauzwa na nani na inasafirishwa na nani. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mwenye haraka huyasoma kama moja. Bidhaa kuhifadhiwa katika ghala la Amazon hakumaanishi kwamba Amazon ndiyo iliyoinunua kiwandani. Tanzania, ambako Jumia ilifunga duka lake Novemba 2019, wengi huagiza kupitia kurasa za Instagram na namba za WhatsApp za wafanyabiashara wa Kariakoo, au kupitia mawakala walioko Dubai na Guangzhou. Wakala wa namna hiyo aulizwe mapema kama yeye ni muuzaji au ni msafirishaji tu. Msafirishaji hukabidhi boksi. Kilichomo ndani hakimhusu. Jibu lake lipatikane kwa maandishi kabla ya malipo, kwa kuwa baada ya malipo kila wakala hugeuka msafirishaji.

Ukubwa wa duka ni kigezo, lakini kisipewe uzito mkubwa kuliko kinavyostahili. Machi 2010 ilibainika kwamba Newegg, duka kubwa la vipuri vya kompyuta nchini Marekani, lilikuwa limewatumia wateja wake vichakataji bandia vya Intel Core i7-920. Ndani ya boksi, mteja alikuta feni ya plastiki iliyofinyangwa, isiyoweza kuzunguka, pamoja na kijitabu cha maelekezo chenye kurasa tupu. Mzigo ulikuwa umepitia kwa msambazaji. Newegg kwanza ilisema hayo ni maboksi ya maonyesho, kisha ikakiri kuwa ni bidhaa bandia, ikawatumia wateja vichakataji halali na kuachana na msambazaji aliyehusika. Duka lilelile, mapema 2022, lilikataa kumrudishia fedha mwendesha chaneli ya YouTube ya Gamers Nexus kwa ubao mama alioununua kama bidhaa iliyokwisha kufunguliwa na kuurudisha bila kuutumia. Lilidai pini zake zimepinda. Suala hilo liliposambaa hadharani, duka lilirudisha fedha na kubadili masharti yake. Mifano hiyo inaonyesha kwamba bidhaa bandia hupenya hata kwa muuzaji mwenye nia njema, na kwamba sifa ya jana haitoshi. Kinachopimwa ni masharti yanayotumika leo na namna duka linavyoshughulikia malalamiko ya leo.

Kwa duka lililoko nchini, utambulisho huthibitishwa bila gharama kubwa. Jina la biashara hutafutwa katika mfumo wa usajili wa BRELA kwa Tanzania, au kwa Msajili wa Biashara kupitia eCitizen kwa Kenya. Duka halali halisiti kutaja namba yake ya mlipakodi, mtaa na namba ya chumba kilipo, na hutoa risiti ya EFD (Tanzania) au ya eTIMS (Kenya). Risiti ya EFD inahakikiwa katika tovuti ya TRA, na uhakiki huo huchukua muda mfupi kuliko kuandika ujumbe wa malalamiko. Kipimo kingine huonekana wakati wa kulipa kwa simu: kabla malipo hayajakamilika, jina la mpokeaji hutokea kwenye skrini. Duka linalojiita kampuni lakini Lipa Namba yake ina jina la mtu binafsi lisilofanana na lililo kwenye ankara, linastahili kuulizwa. Maelezo ya kuridhisha yanaweza kuwapo. Yakikosekana, malipo yasitishwe hapo hapo, hata kama pikipiki ya kuleta mzigo imeshaondoka.

Alama ya kufuli iliyokuwa ikionekana kwenye kivinjari bado inawapoteza watu wengi. Alama hiyo ilithibitisha tu kwamba mawasiliano kati ya kompyuta na tovuti yamesimbwa. Haikusema lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti. Tangu 2015 taasisi ya Let's Encrypt hutoa vyeti vya usimbaji bure, na tapeli huvipata kwa urahisi sawa na mfanyabiashara mwaminifu. Google yenyewe iliiondoa alama hiyo katika Chrome mwaka 2023 kwa sababu watumiaji waliielewa vibaya. Tarehe ya kusajiliwa kwa anwani ya tovuti ina maana zaidi: duka linalotangaza miaka kumi ya huduma ilhali anwani yake ilisajiliwa miezi miwili iliyopita limeshajieleza.

Duka likishatambulika, maelezo ya bidhaa hupimwa. Muuzaji anayeijua kazi yake huandika namba kamili ya modeli, hali ya kifaa (kipya, kilichofunguliwa, kilichokarabatiwa au kilichotumika) na aina ya waranti. Anayeandika “RAM ya 16GB original” bila kueleza kama ni DDR4 au DDR5, ya kompyuta ya mezani au ya mpakato, ama haijui bidhaa yake ama anaacha mlango wazi wa kukwepa lawama. Neno “original” kwenye tangazo lina thamani ndogo sana; halisemi imetoka kwa nani.

Kwenye waranti ndipo wanunuzi wengi hukosea. Kichakataji kinachouzwa ndani ya boksi la rejareja na kile kinachouzwa kitupu, ambacho mafundi hukiita cha trei, vinaweza kufanya kazi sawasawa, lakini haki zinazoambatana navyo ni tofauti. Hilo lilijitokeza waziwazi mwaka 2024, baada ya baadhi ya vichakataji vya Intel vya kizazi cha 13 na cha 14 kugundulika kuwa na tatizo la kutotulia. Kampuni iliongeza waranti kwa miaka miwili, hadi kufikia mitano. Wenye vichakataji vya boksi walielekezwa kuwasiliana na Intel. Wenye vya trei walielekezwa kurudi walikonunua. Aliyenunua cha trei kwa muuzaji asiyepatikana tena hakuwa na pa kurudi. Vilevile, vifaa vinavyonunuliwa Dubai mara nyingi huwa na waranti ya eneo hilo, na gharama ya kuvirudisha huko humwangukia mwenye navyo. Bei nafuu ya Dubai ilinganishwe na bei ya duka la nyumbani baada ya kuongeza usafirishaji, kodi na uwezekano wa kupoteza waranti.

Hakuna eneo lenye udanganyifu wa kitaalamu kama vifaa vya kuhifadhia data. SSD ya nje inayotangazwa kuwa na TB 16 kwa bei isiyofikia ya SSD halali ya TB 1 hujengwa kwa njia inayojulikana: ndani ya kasha kuna ubao mdogo wa USB na kadi ya microSD ya ujazo mdogo, mara nyingine imeshikizwa kwa gundi, na programu ya ndani imebadilishwa ili iidanganye kompyuta kuhusu ujazo. Mtumiaji akinakili mafaili machache, kila kitu huonekana sawa. Ujazo halisi ukijaa, data mpya huandikwa juu ya ya zamani au hupotea, huku majina ya mafaili yakiendelea kuonekana kwenye orodha. Mwenye kifaa hugundua siku anapofungua picha za harusi au hesabu za mwaka na kukuta faili halifunguki. Programu za bure za H2testw kwa Windows na F3 kwa Linux huufichua udanganyifu huu kwa kuandika data hadi kifaa kijae kisha kuisoma tena. Jaribio huchukua saa nyingi, na lazima likamilike kabla muda wa kurudisha bidhaa haujaisha.

Diski kubwa za seva zina hila yake. Mapema 2025, vyombo vya habari vya teknolojia vya Ujerumani viliripoti diski za Seagate zilizouzwa kama mpya ilhali zilikuwa zimetumika kwa saa 15,000 hadi 50,000. Saa 50,000 ni zaidi ya miaka mitano ya kuwaka mfululizo. Kumbukumbu za kawaida za SMART zilikuwa zimefutwa, kwa hiyo aliyezitazama aliona diski isiyo na historia. Kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM ndiyo iliyobaki na ukweli, na programu ya smartctl, kuanzia toleo la 7.4, huweza kuisoma. Ofisa anayenunua diski za seva anapaswa kuzisoma kumbukumbu zote mbili siku ya kupokea, na kuingiza namba ya utambulisho ya kila diski katika tovuti ya mtengenezaji ili kuona waranti ilianza lini. Kadi za michoro bandia ni rahisi zaidi kuzinasa: tangu 2018 programu ya GPU-Z huonya pale kadi ya zamani ya Nvidia inapojitambulisha kwa jina la kadi mpya.

Bei ndogo haimaanishi wizi kila mara. Modeli iliyopitwa na wakati au boksi lililofunguliwa hushusha bei kihalali, na muuzaji mwaminifu huitaja sababu. Kinachotia shaka ni punguzo lisilo na maelezo wakati soko zima limepanda, kama ilivyokuwa kwa RAM mwishoni mwa 2025, hadi Micron ikatangaza kuacha kuuza vifaa vya chapa ya Crucial kwa wateja wa kawaida. Anayeuza kumbukumbu “mpya” kwa nusu ya bei katika kipindi kama hicho ana la kueleza.

Kuhusu malipo, kanuni ni kuweka fedha mahali zinapoweza kurudi. Kadi ya benki hutoa nafasi ya kupinga malipo. Baadhi ya masoko makubwa hushikilia fedha hadi mnunuzi athibitishe kupokea. Muuzaji wa ndani ya soko la namna hiyo anayeomba kulipwa pembeni kwa ahadi ya punguzo anamwondolea mnunuzi ulinzi wote, na ombi hilo pekee latosha kumkataa. Kwa duka la mjini ambalo halijazoeleka, kulipa baada ya kupokea na kukagua ni utaratibu wa haki kwa pande zote. Watumishi wa taasisi za umma Tanzania hawana uhuru huo wa kuchagua: manunuzi yao hupita katika mfumo wa NeST, na bei nzuri iliyoonekana mtandaoni si kibali cha kuukwepa.

Siku ya kupokea, boksi lipigwe picha kabla ya kufunguliwa, na ufunguaji urekodiwe kwa video isiyokatwa inayoonyesha lebo, namba ya utambulisho na hali ya pini. Kifaa kijaribiwe siku hiyo hiyo, hata kama kitafungwa mwezi ujao. Kipuri kinachokaa kabatini hadi muda wa kurudisha unapita ni hasara ya uzembe, na hasara hiyo si haki kumwangushia mteja.

Sheria zipo upande wa mnunuzi mwenye ushahidi. Nchini Tanzania, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, hutaka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 imeweka masharti ya kumlinda anayenunua kwa njia hiyo. Kenya, kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha, taarifa anazohitaji na fidia ya hasara. Malalamiko yaanze kwa muuzaji, kwa maandishi, yakiambatanishwa na risiti na matokeo ya vipimo. Yasipojibiwa, Tume ya Ushindani (FCC) upande wa Tanzania hupokea mashauri ya walaji, na Kenya kuna mamlaka maalumu inayoshughulikia bidhaa bandia.

Haki hizo humdai fundi pia. Akinunua kwa niaba ya mteja, yeye ndiye muuzaji machoni pa mteja huyo. Kipuri kilichotumika kitajwe hivyo kwenye ankara. Risiti ya duka ikabidhiwe pamoja na kifaa. Na asilimia anayopewa na duka kwa kuleta wateja isifichwe. Fundi anayepokea fungu la siri hawezi tena kusema kwamba alichagua duka kwa ubora wake.

Suala la mwisho husahaulika mara nyingi. Diski iliyogoma ndani ya muda wa waranti hurudishwa dukani ikiwa na data ya mteja ndani yake: hesabu za mishahara, mafaili ya wagonjwa, picha za familia. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Tanzania ya 2022 na ya Kenya ya 2019, hazifumbii macho uzembe wa kuziacha taarifa hizo humo. Diski inayowaka ifutwe kikamilifu kabla ya kutumwa. Isiyowaka haiwezi kufutwa, hivyo mteja aelezwe hatari hiyo na aamue mwenyewe kwa maandishi. Akikataa irudishwe, diski hubaki kwake na gharama ya mpya huingia kwenye ankara yake.