Ikilia, Panda: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Ndege Inaposhuka Unguja

Unguja haina mlima wa kugonga. Vilima vya Masingini havifiki hata mita 150, na njia ya kutua ya Uwanja wa Ndege wa Abeid Amani Karume iko kiasi cha mita 16 tu juu ya bahari. Hapo ndipo uzembe unapopata pa kukaa. Kusini kuna rasi ya Fumba na bahari, kaskazini kuna mapaa ya watu, na ndani ya ndege kuna mashine inayopima kimo kwa mawimbi ya redio na kupiga kelele ardhi inapokaribia isivyopasa. Haya yanawahusu marubani kwanza, kisha wengine.

IKILIA, PANDA. Sauti ikiamrisha kuvuta juu, zima mfumo wa kujiendesha, sukuma injini hadi nguvu ya mwisho, nyoosha mbawa, inua pua. Usiguse magurudumu wala flapu mpaka uwe mbali na ardhi. Maswali utayauliza huko juu. Mchana kweupe, ukiiona njia na ardhi yote kwa macho yako, miongozo ya kuruka inaweza kukuruhusu kulichukulia onyo kama tahadhari na kuendelea. Usiku ruhusa hiyo haipo, na wingu likiwepo haipo pia.

USIBISHANE NAYO. Nahodha hagombani na mnara wa taa wa Chumbe. Tarehe 7 Machi 2007 kapteni wa Boeing 737 ya Garuda alishuka Yogyakarta, Indonesia, kwa kasi isiyo na kiasi. Mashine ikamwonya mara 15. Msaidizi wake alimwambia wapae tena, naye akaendelea kutua. Ndege ilipita mwisho wa njia, ikawaka moto, wakafa watu 21 kati ya 140. Mtambo ulikuwa mzima, na masikio yalikuwa mazima.

MSAIDIZI, USINYAMAZE. Heshima kwa mkubwa ni jambo jema barazani. Kapteni akipuuza mlio, mwambie kwa sauti. Asipojibu, chukua usukani.

USINGOJE ILIE. Hili ndilo wengi hawalijui. Mei 2022 Airbus A320 ilikuwa inashuka Paris katika mvua. Mwongoza ndege alitaja mgandamizo wa hewa, ambao kipimo cha kimo hutegeshwa nao, kuwa 1011 badala ya 1001. Tofauti hiyo ndogo iliifanya ndege iwe chini ya ilivyodhaniwa kwa zaidi ya futi 270. Marubani walipaa tena kwa sababu hawakuiona njia, wakati walikwishafika kiasi cha mita mbili tu juu ya ardhi, zaidi ya kilomita moja kabla ya njia yenyewe. Mashine ya ndani ya ndege haikuwapa onyo. Kwake yeye ilikuwa ndege iliyoshusha magurudumu, karibu na uwanja, ikishuka kwa mwendo wa kawaida, ingelalamikia nini?

Kwa hiyo rudia namba ya mgandamizo mnara unapokupa, ilinganishe na uliyoipata mwanzo, na zikipishana uliza. Kosa la kusikia ni la zamani hata hapa kwetu. Septemba 1974 Boeing 747 ya British Airways iliruhusiwa kushuka hadi futi 7,500 ikielekea Nairobi. Marubani wakashika 5,000, ilhali uwanja wenyewe uko zaidi ya futi 5,300. Walitoka mawinguni wakakuta ardhi iko mbele yao, wakapaa wakiwa mita 21 hivi tu juu yake. Mashine hizi zilikuwa bado hazijawa sharti. Marekani ilizilazimisha kwa ndege zake za abiria kuanzia mwisho wa 1975.

USIJIRUNDIKIE KAZI. Usiku wa kuamkia 30 Juni 2009 Airbus A310 ya Yemenia, ikitoka Sana'a, ilianguka baharini karibu na Ngazija, Komoro, ikizunguka kutua uwanja wa Hahaya. Walikufa watu 152, akapona msichana mmoja wa miaka 12 aliyeng'ang'ania kipande cha ndege kwa saa nyingi. Mji Mkongwe una familia za Kingazija za vizazi na vizazi; msiba ule haukuwa wa mbali. Wachunguzi walieleza milio ya kila aina: ya ardhi, ya mpangilio wa ndege, ya mbawa kukaribia kuishiwa nguvu ya kubeba. Marubani walikuwa wameshughulishwa na njia yao na mahali walipo, na ripoti ikasema huenda hawakubakiwa na nafasi kichwani ya kuijibu milio yote ile.

Dawa yake iko kabla ya mlio. Katika mawingu, ukifika futi 1,000 na kasi yako, mteremko wako na mpangilio wa ndege havijatulia, paa tena. Kukiwa kweupe, mwisho wako ni futi 500.

USIDHANI MAJI NI LAINI. Bukoba, 6 Novemba 2022: ATR ya Precision Air iliingia Ziwa Victoria ikiwa karibu kabisa na uwanja. Kati ya watu 43 walikufa 19, marubani wote wawili wakiwemo. Hata Unguja, ukishuka usiku kutoka upande wa Fumba, bahari nyeusi haikupi alama hata moja ya kimo. Soma vipimo, usisome giza.

ABIRIA: ndege ikiinuka ghafla na injini zikavuma, baki na mkanda. Usisimame kupiga picha, usimpigie kelele mhudumu, usilalamike kuwa boti yako ya Pemba itakuacha.

WENYE MAKAMPUNI: sasisheni ramani za ardhi zilizomo ndani ya mashine kwa wakati. Kila mlio uandikiwe ripoti, hata wa uongo. Na rubani aliyepaa tena asiitwe ofisini kuhesabiwa mafuta. Aitwe yule aliyetua huku mashine inalia.