FABISCH NA HESABU YA POINTI TATU

Hapa kwetu Lucky Summer kuna ubishi usioisha. Ukienda kwa kinyozi utaukuta, ukipanda matatu ya kwenda mjini utaukuta, na pale wazee wanapochezea drafti ndiko kwao kabisa. Ni mkufunzi yupi aliyeifaa Harambee Stars kuliko wote? Vijana hutaja majina ya juzijuzi. Wazee, wengi wao, hutaja Mjerumani mmoja: Reinhard Fabisch. Mimi hushangaa kidogo, kwa sababu Fabisch hakuipeleka Kenya kwenye Kombe la Dunia, na fainali kubwa aliyotufikisha tulishindwa. Sasa wanamsifia nini? Katika makala haya nimejaribu kulijibu swali hilo kwa kalamu na karatasi, maana kwa kinyozi hujibiwa kwa kelele tu.

(Nimeandika "mkufunzi" makusudi. Mtaani tunasema kocha, na redioni pia, lakini neno mkufunzi linanipendeza zaidi kwa sababu ndani yake mna kufunza.)

Fabisch alizaliwa Agosti 1950 huko Schwerte, mji mdogo karibu na Dortmund. Kwao hakuwa na jina la uchezaji kama Franz Beckenbauer au Gerd Müller. Jina lake lilipatikana huku Afrika, tena akiwa pembeni mwa uwanja. Wala hakuwa Mjerumani wa kwanza kuja. Enzi hizo Ujerumani Magharibi ilikuwa na desturi ya kutuma wakufunzi wa kandanda katika nchi za Afrika kama sehemu ya misaada yake. Eckhard Krautzun alikuwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 70, na baadaye akaja Bernhard Zgoll. Hapo jirani Rwanda alianzia Otto Pfister mwaka 1972, ambaye mwaka 1991 aliwaongoza vijana wa Ghana wa chini ya miaka 17 wakawa mabingwa wa dunia.

Fabisch aliifundisha Harambee Stars mwaka 1987, mwaka ambao Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika mnamo Agosti. Uwanja wa Kasarani, ambao si mbali na mtaa wetu, ulikuwa mpya kabisa. Stars walifika fainali na kukutana na Misri, ambayo mwaka mmoja kabla ilikuwa imetwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Tulifungwa 1-0. Mzee mmoja jirani yetu anasema alikuwa uwanjani siku hiyo, na hadi leo ukimtajia bao hilo hukunja uso kana kwamba limefungwa jana jioni.

Lakini tuseme ukweli. Mwaka huo wa 1987 ulikuwa wa neema kwa kandanda ya Kenya kwa jumla. Mwezi Desemba Gor Mahia nao walitwaa Kombe la Washindi la Afrika, lililoitwa Kombe la Mandela, kwa kutoka sare mara mbili na Esperance ya Tunisia, 2-2 ugenini na 1-1 nyumbani. Mabao ya ugenini ndiyo yaliyowapa ushindi. Mkufunzi wao alikuwa Mwingereza, Jack Johnson. Kwa hivyo anayedai kwamba Fabisch peke yake ndiye aliyeiinua timu anawapunja wachezaji wa wakati ule. Wachezaji walikuwapo.

Baada ya hapo Fabisch alikwenda Zimbabwe, na huko ndiko habari zake zinakosisimua. Timu yake ilikuwa na Bruce Grobbelaar langoni na Peter Ndlovu mbele. Februari 1993 walicheza Cairo, katika mechi ya kuwania Kombe la Dunia la 1994, wakafungwa 2-1. Watazamaji walikuwa wakirusha vitu uwanjani, na Fabisch mwenyewe alipigwa kichwani. FIFA ikaifuta mechi hiyo na kuamuru irudiwe nje ya Misri, mjini Lyon, Ufaransa. Ilirudiwa Aprili, ikaisha 0-0, na Misri wakatoka. Mwishowe Zimbabwe wakabaki na kikwazo kimoja tu, Cameroon huko Yaoundé mwezi Oktoba. Wakafungwa 3-1. Msomaji atakuwa ameanza kuona jinsi mambo ya mtu huyu yalivyokuwa: hufika mlangoni, na mlango hufungwa.

Mwaka 1997 tunaye tena Kenya, na hapa naomba uchukue kalamu. Safari ya kwenda Ufaransa 1998 ilikuwa imeanza Juni 1996, tulipowatoa Algeria kwa jumla ya mabao 3-2. Tukaingia kundi moja na Nigeria, Guinea na Burkina Faso, na mshindi wa kundi peke yake ndiye angefuzu. Mechi ya kwanza, Novemba 1996, tulipigwa 3-1 na Guinea kwao Conakry. Watu wakakata tamaa. Nigeria, kumbuka, walikuwa wametoka Atlanta na dhahabu ya Olimpiki miezi mitatu tu nyuma.

Mwaka mpya ukaja na mambo mengine. Januari tulitoka sare ya 1-1 na hao hao Nigeria hapa Nairobi. Mwanzoni mwa Aprili tuliwafunga Burkina Faso 4-3, na mwishoni mwa mwezi huo huo Guinea 1-0. Baada ya mechi nne Nigeria walikuwa na pointi 10, Kenya 7, Guinea 6, na Burkina Faso hawana kitu. Zilibaki mechi mbili, na ya kwanza kati ya hizo ilikuwa Nigeria dhidi ya Kenya, Juni, kwao Nigeria.

Tulifungwa 3-0, na hapo Nigeria wakafikisha pointi 13 na kufuzu. Watu wengi huishia hapo, husema "tulilimwa" na kunyamaza. Lakini tazama kilichotokea Agosti, siku ya mwisho. Kenya ilikwenda Burkina Faso ikashinda 4-2. Nigeria ilikwenda Guinea ikafungwa 1-0. Jedwali la mwisho likawa Nigeria 13, Guinea 12, Kenya 10, Burkina Faso sufuri. Pointi tatu zilitutenga na Ufaransa, na pointi tatu ni ushindi mmoja.

Sasa tubadilishe ile mechi moja tu ya Juni. Kenya ingeshinda, ingekuwa na 10 na Nigeria wangebaki na 10. Matokeo ya Agosti yakibaki yalivyokuwa, Kenya 13, Guinea 12, Nigeria 10. Tungekwenda! Na je, tungetoka sare? Kenya 11, Nigeria 11, Guinea 12, kisha wangekwenda Guinea. Ndiyo kusema sare isingetusaidia. Nilipoipeleka hesabu hii kwa wazee wa drafti, mmoja alinipinga, na pingamizi lake lina uzito. Alisema, "Kijana, Nigeria walifungwa Agosti kwa sababu walikuwa wameshafuzu. Wangekuwa na shida ya pointi, ungeona." Ni kweli. Hesabu za namna hii hazimjui mchezaji anayecheza kwa njaa na yule aliyeshiba. Hata hivyo zinatuonyesha kwamba hatukuwa watu wa kusindikiza wengine.

Kuna pingamizi la pili, nalo ni zito zaidi. Kwa nini tumsifu mgeni aliyekaribia, na tusimtaje Mkenya aliyefika? Marshall Mulwa aliiongoza Harambee Stars kutwaa Kombe la CECAFA mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983. Ni wangapi darasani mwangu wanalijua jina lake? Nimeuliza, na walionijibu ni wachache mno. Kwa maoni yangu, anayetafuta vikombe amtafute Mulwa, na Fabisch asiwekwe juu yake. Sifa ya Fabisch ni nyingine: alizikabili timu kubwa kuliko zake, Misri, Cameroon, Nigeria, na akawafanya watu wake waamini kuwa mechi bado haijaamuliwa. Wazee wetu wanaikumbuka imani hiyo kuliko matokeo yenyewe.

Wala si suala la Ujerumani. Mjerumani mwingine, Antoine Hey, alipewa timu mwaka 2009, na Novemba mwaka huo Nigeria walipokuja Kasarani kwa mechi ya mwisho ya kundi alikuwa ameshaondoka. Tulifungwa 3-2, nao wakafuzu tena mbele ya macho yetu.

Fabisch alirejea Kenya mara ya tatu, 2001 hadi 2002, lakini kipindi hicho hakikuwa na makubwa. Kazi yake ya mwisho ilikuwa Benin, aliyokwenda nayo Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Ghana mapema mwaka 2008. Walifungwa mechi zote tatu: 1-0 na Mali, 4-1 na Cote d'Ivoire, 2-0 na Nigeria. Katika mashindano hayo alitangaza hadharani kwamba mtu kutoka Asia alimfuata na fedha ili timu yake ipoteze mechi kwa faida ya wacheza kamari, naye akamkatalia. Julai mwaka huo huo alifariki dunia kwa ugonjwa wa saratani, akiwa na umri wa miaka 57.