Kununa na Kununia: Kauli za Kitenzi na Uelewa wa Ishara Zisizo za Maneno Mahali pa Kazi

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Methali hii inabeba dai zito la kiisimu, yaani kwamba ujumbe mzito kuliko yote unaweza kufikishwa pasipo neno lolote kutamkwa. Mfukuzaji hutumia uso, mgongo na kimya. Mfukuzwaji naye hutarajiwa kuelewa. Nyumbani, wanaoelewana vibaya wana muda mrefu wa kurekebishana. Mahali pa kazi hali ni tofauti. Huko ishara ya mwili huweza kuwa shauri, shauri likawa barua, na barua ikamnyima mtu riziki yake.

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili chenyewe kinavyozitaja ishara hizo. Aghalabu wachunguzi wa mawasiliano yasiyo ya maneno huanza na mwili, yaani mkono, jicho au masafa baina ya wazungumzaji. Hapa uchunguzi unaanza na kitenzi. Hoja inayotetewa ni kwamba kauli za kitenzi cha Kiswahili hubainisha daraja za kukusudia: kauli moja humwonyesha mtu kuwa amepatwa na jambo, nyingine kuwa amefanya jambo, na nyingine kuwa amemfanyia mwenziwe jambo hilo. Anayeandika muhtasari wa kikao cha nidhamu kwa Kiswahili hawezi kukwepa kuchagua mojawapo, na chaguo lake tayari ni hukumu.

2.0 Misingi ya Kinadharia

Uchunguzi wa kitaaluma wa uwanja huu ulipata msukumo mkubwa katikati ya karne ya 20. Ray Birdwhistell alichapisha mwaka 1952 kitabu chake cha utangulizi kuhusu miondoko ya mwili, naye Edward Hall akafuatia mwaka 1959 na 1966 kwa kazi zilizoonyesha kwamba muda na nafasi navyo husema. Paul Ekman na Wallace Friesen (1969) waliainisha matendo ya mwili katika makundi matano: yale yanayosimama badala ya neno, yanayofafanua usemi, yanayodhihirisha hisia, yanayoratibu zamu za mazungumzo, na yale ya mtu kujishikashika au kujituliza. Kuhusu Waswahili, Carol Eastman na Yahya Ali Omar waliandika mwaka 1985 juu ya ishara zao, wakitumia istilahi za vielezi na viingizi.

Kuna dai moja linalohitaji kuondolewa njiani mapema. Katika semina nyingi za uongozi husemwa kwamba asilimia 55 ya mawasiliano ni uso na mwili, asilimia 38 ni sauti, na asilimia 7 tu ni maneno. Tarakimu hizi zinatokana na majaribio ya Albert Mehrabian na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1967. Majaribio hayo yalihusu jambo finyu, yaani namna msikilizaji anavyokadiria hisia za msemaji pale neno moja moja, sauti na uso vinapopingana. Hayakupima taarifa ya fedha, maelekezo ya kazi wala utetezi wa mtuhumiwa. Kuyageuza kuwa kanuni ya mawasiliano yote ni kumpa msimamizi kibali cha kupuuza maneno aliyoambiwa na kuamini uso alioudhania.

Msingi unaofaa zaidi kwa makala haya ni tofauti iliyowekwa na Paul Grice mwaka 1957 baina ya maana ya kimaumbile na maana isiyo ya kimaumbile. Vipele fulani vina maana ya surua, lakini vipele havimwambii mtu chochote. Maana ya namna ya pili huhitaji mtu anayekusudia kuleta athari kwa mwenziwe, na mwenziwe aitambue nia hiyo. Jasho la mwajiriwa mbele ya kamati ni la namna ya kwanza. Msonyo ni wa namna ya pili. Ugumu uko katikati, na ndipo mahali penye ugomvi.

3.0 Ngazi za Kauli

3.1 Kupatwa

Zingatia mifano ifuatayo:

(1) a. Karani alitokwa na jasho.
b. Karani alishikwa na kigugumizi.
c. Karani alipigwa na butwaa.

Vitenzi vyote vitatu vina kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa. Mwenye mwili ndiye kiima, lakini si mtenda. Nguvu inayomtenda hutajwa baada ya kiunganishi na. Jambo la kutazamwa kwa makini ni (1a), kwa kuwa kitenzi toka hakichukui yambwa, na bado kinakubali kutendwa. Lugha imejipinda ili kumwondolea mtu lawama ya jasho lake. Hakuna Mswahili atakayemuuliza karani, "Kwa nini umetokwa na jasho mbele ya wakubwa?" akitarajia kuombwa radhi.

3.2 Kutenda

(2) a. Katibu muhtasi alinuna.
b. Mkuu wa idara alikunja uso.
c. Karani alikaa kimya.

Hapa mwenye mwili ni mtenda, lakini hakuna anayelengwa. Katibu muhtasi anaweza kuwa amenuna kwa sababu mtoto wake alikesha na homa. Mkuu wa idara anaweza kuwa amekunja uso kwa sababu ya mwanga wa dirishani. Sentensi hizi zinaeleza hali inayoonekana na kuishia hapo.

3.3 Kutendea na kutendewa

(3) a. Katibu muhtasi alimnunia mhasibu.
b. Mkuu wa idara alimkunjia mjumbe uso.
c. Karani alimkalia kimya msimamizi wake.

Kiambishi cha kutendea kimeongeza mtu wa pili. Tendo lililokuwa la mwili wa mmoja sasa ni tukio baina ya wawili. Kwa istilahi za Grice, msemaji wa (3) anadai kwamba kulikuwa na nia, na kwamba nia hiyo ilielekezwa kwa mtu anayetajwa. Hata tendo lisilo la hiari huweza kuvutwa hadi ngazi hii. Kupiga miayo ni udhaifu wa mwili, lakini atakayesema kwamba mjumbe fulani alimpigia mwenyekiti miayo amekwisha kumshtaki kwa dharau.

Kauli hiyo ikiongezewa kutendwa, mlalamikaji huwa kiima:

(4) a. Mhasibu alinuniwa.
b. Mjumbe alikunjiwa uso.

Hii ndiyo sarufi ya malalamiko. Sarufi ya utetezi huenda kinyume chake, ikishuka ngazi: "Nilinuna, sikumnunia", "Nilikaa kimya, sikumkalia kimya." Anayejitetea hivi hachezi na maneno. Anakiri tendo na kukanusha mlengwa, na mzungumzaji yeyote mzoefu wa Kiswahili anamwelewa.

4.0 Mipaka ya Hoja

Ingekuwa kosa kudai kwamba kutendea daima ni dalili ya uadui. Kitenzi cheka chatosha kulithibitisha hilo. "Alimcheka" ni dhihaka, ilhali "alimchekea" aghalabu ni bashasha au ulegevu. Kinachoonyeshwa na kiambishi ni mlengwa tu. Ubaya au wema wa tendo hutokana na kitenzi chenyewe pamoja na muktadha. Vilevile kauli ya kutendea hubeba maana nyingine. Aliyemlilia marehemu hakumwelekezea ujumbe, bali alilia kwa ajili yake.

Pili, viko vitenzi visivyohitaji kiambishi hicho kwa kuwa ulengaji umo ndani ya maana yake. Fyonya, au sonya kama wasemavyo wengine, huchukua yambwa moja kwa moja: "alimfyonya". Hali ni hiyo hiyo kwa konyeza. Katika matendo haya utetezi wa kushuka ngazi ni mgumu. Anayesema, "Nilifyonya tu, sikumfyonya mtu" anaweza kuwa mkweli, kwa mfano akiwa amekasirishwa na mashine iliyokwama karatasi, lakini mzigo wa kueleza ni wake.

Tatu, ziko ishara ambazo kitenzi hakisaidii kuzifasili. "Aliinamisha macho" huweza kuwa heshima, haya, hofu au uchovu. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamelelewa wasimkazie macho mkubwa anapowasemesha. Mwongozo wa usaili uliotungwa kwa jamii nyingine huweza kufundisha kwamba asiyemtazama msaili usoni hajiamini au anaficha jambo. Hapo adabu aliyofunzwa mtu nyumbani humpunguzia alama ofisini, na hakuna anayemwambia sababu.

5.0 Ishara Inapoandikwa

Chukuliwe mfano wa kubuni. Karani kijana ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu kuhusu jalada lililopotea. Mwenyekiti, mtu wa makamo, anamuuliza maswali mawili mfululizo kwa sauti ya juu. Kijana anainamisha macho wala hajibu, akingoja mkubwa amalize. Katibu wa kikao anaandika: "Mtuhumiwa alimkalia kimya Mwenyekiti." Sentensi ni fupi na sahihi kisarufi. Lakini silabi chache zimegeuza kungoja kukawa ukaidi, na shauri la jalada limezaa shauri la utovu wa nidhamu.

Nchini Tanzania jambo hili lina uzito wa kisheria. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri athibitishe kwamba sababu ya kumwachisha mtu kazi ni halali na ya haki, na kwamba utaratibu uliofuatwa ulikuwa wa haki. Mgogoro ukifikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, muhtasari wa kikao huwa miongoni mwa vielelezo. Aidha, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mabaraza na vyombo vingine vya kutoa haki. Kikao cha ndani ya ofisi si mahakama, lakini maneno yake husafiri hadi huko. Pale kikao kilichoendeshwa kwa Kiswahili kinapoandikiwa muhtasari wa Kiingereza, tofauti baina ya kukaa kimya na kumkalia mtu kimya hupotea kwa urahisi, kwa kuwa kitenzi cha Kiingereza hakina kiambishi cha kuibeba.

Kutokana na uchambuzi huu, mwandishi wa muhtasari anaweza kuongozwa na taratibu tatu. Kwanza, aandike tendo katika kauli ya kutenda, pamoja na swali au kauli iliyolitangulia. Pili, kabla ya kutumia kauli ya kutendea, ajiulize kama upo ushahidi wa mlengwa: macho yalielekea wapi, tendo lilitokea mara baada ya maneno ya nani, na je, mtu huyo huwatendea wengine vivyo hivyo? Tatu, mwenye tendo aulizwe, na jibu lake liandikwe. Utaratibu huu wa tatu ndio rahisi kuliko yote, nao ndio unaosahauliwa zaidi.

6.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba Kiswahili kina ngazi zinazopanda kutoka kupatwa, kutenda, hadi kutendea na kutendewa, na kwamba ngazi hizo hulingana na daraja za nia katika mawasiliano yasiyo ya maneno. Yameonyesha pia kwamba ulinganifu huo una mipaka, hususan katika vitenzi kama cheka, fyonya na konyeza. Uchunguzi zaidi wahitajika kuhusu lahaja, na kuhusu Kiswahili cha wafanyakazi ambao lugha zao za kwanza nazo zina kauli ya kutendea. Wakati huohuo, anayeshika kalamu katika kikao akumbuke kwamba akufukuzaye hakwambii toka, lakini si kila aliyenyamaza anafukuza, wala si kila aliyenuna amemnunia mtu.