Kutoka Sentensi hadi Modeli ya Programu

Mwaka 1983 Russell Abbott alieleza mbinu hii: nomino hudokeza vitu vya programu, vitenzi hudokeza kazi zake.

Mfano: "Mkulima wa Iguguno analeta alizeti ghalani. Inapimwa, kisha anapewa stakabadhi."

Nomino: mkulima, alizeti, ghala, stakabadhi.
Vitenzi: kuleta, kupima, kupa.

Zingatia: "Inapimwa" ni kauli ya kutendwa. Kiambishi i- kinarejelea alizeti, lakini mpimaji hatajwi. Muulize mteja. Akijibu "karani", mwongeze kwenye modeli. Asipokuwemo, mkulima akipunjwa kilo, kumbukumbu hazitaonyesha nani alipima.

Zoezi
1. Katika "anapewa", nani hajatajwa?
2. "Stakabadhi ikipotea, inatolewa nyingine." Andika nomino, vitenzi na swali moja la kumuuliza mteja.