Kazi ya Uhandisi wa Simu

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikaleta habari zake duniani kwa mawimbi ya redio. Mawimbi kama hayo hubeba sauti katika simu za mkononi. Mwenye kuyatengenezea mitambo ni mhandisi wa simu.

Kijana wa Malindi au Kilifi aitakaye kazi hiyo na ashike sana hesabu, fizikia na kemia tangu sekondari. Akiyaacha masomo hayo, mlango hufungwa mapema. Shahada yake huchukua miaka mitano, kisha hufuata mazoezi ya kazi kabla ya kuandikishwa na Bodi ya Wahandisi. Wazazi wasiwanyime binti zao nafasi hiyo.