Ifakara: Mji wa Vyuo na Hesabu ya Watu Wake

Idadi ya watu wa mahali popote hubadilika kwa njia nne: watu huzaliwa, hufa, huhamia na huhama. Njia mbili za mwisho ndizo husahauliwa upesi. Ifakara, mji mdogo wa bonde la Kilombero katika mkoa wa Morogoro, unaonyesha hasara ya kuzisahau.

Misingi ya uchumi

Msingi wa kwanza ni mpunga. Mto Kilombero hufurika wakati wa masika na kulowesha uwanda mpana, na mavuno hufuata maji yanapopungua. Reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976, iliunganisha Ifakara, Mbingu na Mlimba na soko la Dar es Salaam.

Msingi wa pili ni elimu. Mwaka 1957 wataalamu wa Uswisi walianzisha hapo maabara ya maradhi ya nchi za joto, na mwaka 1961 yakaanza mafunzo ya watumishi wa afya wa vijijini. Maabara hiyo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara. Mwaka 2010 kilianzishwa chuo kikuu kishiriki cha sayansi za afya, kando ya Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mwanafunzi halimi, lakini hupanga chumba, hununua chakula kwa mama lishe na hupanda baiskeli ya kukodi. Kwa hiyo fedha ya mji hufuata kalenda mbili: ya mavuno na ya kufunguliwa kwa vyuo.

Kosa la kugawanya

Msomaji na achukue mfano wa kubuni. Mtaa una wakazi 1,000, na kwa mwaka huzaliwa watoto 40. Kiwango cha vizazi ni 40 kwa kila watu 1,000. Chuo kinafunguliwa, na wanafunzi 250 wasio na watoto wanahamia. Watoto 40 sasa wanagawanywa kwa watu 1,250, na kiwango kinashuka hadi 32. Hakuna mama hata mmoja aliyepunguza uzazi. Kilichobadilika ni idadi inayogawanya tu.

Hospitali huleta kosa la upande wa pili. Mama atokaye kijijini akijifungulia mjini, na mtoto huyo akahesabiwa kuwa wa mji, mji huonekana una vizazi vingi kuliko ilivyo kweli. Vifo vya wagonjwa waliotoka mbali vikiandikwa vivyo hivyo, mji wenye hospitali nzuri huonekana kuwa mji wa maradhi. Ndiyo maana hapana budi tukio liandikwe kwa makazi ya mtu, si kwa mahali lilipotokea.

Usiku mmoja wa Agosti

Sensa za Tanzania za miaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022 zote zilifanywa mwezi wa Agosti. Mwezi huo mavuno ya mpunga yamekwisha na mkulima yuko nyumbani, ilhali vyuo vikuu kwa kawaida viko likizo. Mvua zinapoanza, mambo hugeuka. Familia nyingi za vijiji kama Mbingu, chini ya milima ya Udzungwa, huenda kuishi katika vibanda na madungu mashambani, mbali na zahanati, ili kulima na kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama.

Wilaya ya Kilombero, kwa mipaka ya wakati huo, ilikuwa na watu 321,611 mwaka 2002 na 407,880 mwaka 2012. Hilo ni ongezeko la takriban asilimia 2.4 kwa mwaka. Kwa mwendo huo idadi hujirudufu kwa miaka 29 hivi. Hesabu hiyo ni ya lazima, lakini haionyeshi watu wako wapi mwezi wa Machi.

Kwa sababu hiyo, tangu mwaka 1996 watafiti wa Ifakara waliandikisha kaya za vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, wakizitembelea kila baada ya miezi minne na kuandika vizazi, vifo na uhamaji. Kumbukumbu hizo zilisaidia kupima faida ya vyandarua vyenye dawa: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4.

Hitimisho

Dawa ikigawiwa kwa hesabu ya Agosti peke yake, yaweza kukaa kwenye rafu kijijini wakati mtoto mwenye homa yuko shambani, ng'ambo ya maji. Basi kila mpangaji wa maendeleo apewapo tarakimu na aulize mambo matatu: nani amehesabiwa, mwezi gani, na kwao ni wapi.